Alexis Carrel: Mfugaji wa Seli na Moyo Uliodaiwa Kutokufa

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta wasifu wa daktari Mfaransa mahali ambapo amezoea kuwakuta washairi wa Lamu, Pate na Mombasa. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, wasifu ni utanzu wa fasihi, na mhusika wake huteuliwa si kwa sababu ya kazi aliyoifanya tu, bali pia kwa sababu ya funzo ambalo maisha yake yanatuachia. Isitoshe, lugha isiyoweza kusimulia yanayotendeka maabarani itabaki kuwa lugha ya sebuleni na jukwaani. Kwa sababu hizo mbili, makala haya yanamulika maisha ya Alexis Carrel (1873–1944), mtu aliyeufundisha ulimwengu namna ya kuishona mishipa ya damu, akawa miongoni mwa waasisi wa sayansi ya kuzitunza seli nje ya mwili, kisha akaipotosha sayansi hiyo hiyo kwa karibu nusu karne.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa tuseme neno moja kuhusu istilahi. Walimu wetu wa biolojia huzungumzia ukuzaji wa seli. Makala haya yatatumia ufugaji. Mche ukishapandwa huweza kuachiwa mvua na jua, lakini kuku aliyefungiwa tunduni hana mwingine wa kumtegemea ila mfugaji. Ndivyo ilivyo seli iliyotolewa mwilini: sharti ilishwe, iondolewe uchafu wake, ipewe joto linaloifaa na ilindwe na maradhi. Neno ufugaji linayabeba yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Sindano na Uzi

Carrel alizaliwa tarehe 28 Juni 1873 huko Sainte-Foy-lès-Lyon, kitongoji cha mji wa Lyon uliosifika kwa viwanda vya hariri. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Mzee huyo alifariki mwanawe akiwa bado mtoto mdogo, na mtoto akalichukua jina la baba, Alexis, akaachana na majina aliyobatizwa nayo. Alilelewa na mamake katika dini ya Kikatoliki, akasomeshwa katika shule za mapadri Wajesuti, kisha akajiunga na masomo ya udaktari mjini Lyon.

Tukio lililoyapa maisha yake mwelekeo lilitokea Juni 1894. Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alikuwa amezuru Lyon. Kijana mmoja Mwitaliano, mfuasi wa siasa za kupinga serikali zote, alimrukia garini na kumdunga kisu tumboni. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa damu unaoingia katika ini. Madaktari mabingwa wa mji walikusanyika, lakini hakuna aliyejua namna ya kuuziba mshipa huo, na Rais akafariki usiku ule ule. Watu walimlaumu muuaji. Carrel, aliyekuwa mwanafunzi wa umri wa miaka 20, aliona pia upungufu wa taaluma yake mwenyewe: ikiwa nguo iliyochanika hushonwa, mbona mshipa usishonwe?

Jibu hakulitafuta kwa maprofesa. Alilitafuta kwa mafundi wa Lyon, kwa mwanamke hodari wa kutarizi, ambaye kwake alijifunza kutumia sindano nyembamba mno na uzi laini wa hariri. Alifanya mazoezi hadi vidole vyake vikawa vyepesi kama vya mtarizi. Mnamo 1902 alichapisha mbinu yake. Ncha mbili za mshipa uliokatika zilishikiliwa kwa nyuzi tatu zilizowekwa kwa umbali sawa. Nyuzi hizo zilipovutwa, duara la mshipa liligeuka kuwa pembetatu, na fundi akashona kila upande kana kwamba anashona ukingo ulionyooka. Usahili wa mbinu hiyo ndio ukubwa wake. Mpaka leo, upandikizaji wa figo na upasuaji wa mishipa vimejengwa juu ya msingi huo.

Mwaka huo huo wa 1902 Carrel alisafiri na mahujaji wagonjwa kwenda Lourdes, akashuhudia kupona kwa ghafla kwa msichana aliyedhaniwa kuwa anakata roho. Alipoeleza aliyoyaona, wakubwa wake wa Lyon waliokuwa na imani ya sayansi pekee walimcheka, na baadhi ya watu wa kanisa nao wakamwona mwenye shaka nyingi mno. Milango ya kupanda cheo ilianza kufungwa. Mnamo 1904 alifunga virago, akavuka Atlantiki hadi Kanada.

Chicago na New York

Kutoka Montreal alihamia Chuo Kikuu cha Chicago. Huko, pamoja na Charles Guthrie, aliijaribu mbinu yake kwa wanyama: figo zilitolewa na kurejeshwa, mishipa ilibadilishwa mahali, viungo vilihamishwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Aligundua jambo lililowasumbua madaktari kwa miongo mingi baadaye. Figo iliyorudishwa katika mwili wa mwenyewe iliweza kuendelea kufanya kazi, ilhali ile iliyopandikizwa katika mwili mwingine hatimaye ilikataliwa. Ushonaji ulikuwa umefaulu, ila mwili ulikuwa na sheria zake.

Mnamo 1906 aliitwa katika Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba, New York, na hapo ndipo alipopata maabara, wasaidizi na fedha. Miaka sita baadaye, mwaka 1912, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba akiwa na umri wa miaka 39. Alikuwa mtafiti wa kwanza aliyefanya kazi Marekani kuipata tuzo hiyo katika uwanja wa tiba. Wahenga walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukumbuke methali hiyo tunapoendelea.

Moyo wa Kifaranga

Wazo la kufuga seli halikuwa la Carrel. Mnamo 1907 Ross Harrison, mtafiti wa Marekani, alichukua kipande cha neva ya kiluwiluwi wa chura, akakitundika ndani ya tone la limfu iliyoganda, na kwa hadubini akaona uzi wa neva ukirefuka. Harrison alitaka kujibu swali moja tu kuhusu neva. Alipolijibu, hakujishughulisha sana na kuieneza mbinu yenyewe.

Carrel aliona uwezekano mpana zaidi. Mnamo 1910 alimtuma msaidizi wake, Montrose Burrows, akajifunze kwa Harrison. Burrows aliporejea, wawili hao walitumia plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ya kuku badala ya limfu ya chura, wakaanza kufuga tishu za wanyama wenye damu moto. Adui mkubwa alikuwa bakteria, kwani dawa za kuviua vijidudu tunazozijua leo zilikuwa bado hazijapatikana. Carrel aliihamishia maabarani nidhamu yote ya chumba cha upasuaji. Aliwavika wasaidizi wake kanzu na vifuniko vya kichwa vyeusi, ili mwanga usiakisiwe machoni mwao. Wageni walitoka humo wakiwa na hisia kwamba wametoka katika nyumba ya siri, na baadhi ya watafiti wakaamini kuwa kazi hiyo haiwezekani bila makuhani na mavazi yao.

Tarehe 17 Januari 1912, alikata kipande kidogo cha moyo wa kifaranga aliyekuwa bado ndani ya yai, akakiweka katika plazima. Kipande hicho kiliishi, kikapiga, kikakua. Kila baada ya siku chache kilioshwa, kikagawanywa, na kulishwa upya kwa majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwa viinitete vya kuku. Mapigo ya moyo hayakudumu. Kilichoendelea kuzaliana ni seli za tishu unganifu. Lakini magazeti hayakujali tofauti hiyo. Yaliandika juu ya moyo wa kuku usiokufa, na mwaka baada ya mwaka yakaikumbuka siku yake ya kuzaliwa kana kwamba ni ya mtoto wa mfalme.

Carrel naye alitangaza kuwa uzee na kifo si hatima ya seli. Kwa maoni yake, seli ikilishwa vyema na kuondolewa uchafu wake itagawanyika milele, na mwili huzeeka kwa sababu tu umeshindwa kuzihudumia seli zake. Ufugaji wenyewe ulishikwa na msaidizi wake, Albert Ebeling. Ukoo huo wa seli ulidumishwa hadi 1946, miaka miwili baada ya Carrel kufariki, ukatupwa ukiwa umetimiza miaka 34, umri ambao hakuna kuku wa kawaida anayeweza kuuota.

Vita na Pampu ya Kioo

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Carrel nyumbani Ufaransa. Katika hospitali ya Compiègne, yeye na mkemia Mwingereza Henry Dakin walibuni njia ya kuokoa majeruhi waliokuwa wakifa au kukatwa viungo kwa sababu ya vidonda kuoza. Dawa ya Dakin, iliyotokana na kemikali ya jamii ya jiki, ilipitishwa kwa mipira myembamba hadi ndani ya kidonda kwa vipindi maalumu. Yafaa tuizingatie mbinu hiyo: mara nyingine tena Carrel alikuwa akitatua tatizo kwa kupitisha majimaji katika njia nyembamba.

Tatizo hilo lilimrudia miaka ya 1930. Kipande chembamba cha tishu huweza kupata chakula kutoka katika majimaji yanayokizunguka, lakini kiungo kizima hakiwezi. Seli za ndani hufa njaa. Sharti majimaji yasukumwe kupitia mishipa yenyewe, kama moyo unavyofanya, na yasukumwe bila kuingiza bakteria. Aliyemsaidia kuvuka kikwazo hicho ni Charles Lindbergh, rubani maarufu aliyekuwa ameruka peke yake juu ya Atlantiki mnamo 1927. Shemeji yake Lindbergh alikuwa na ugonjwa wa moyo, naye alitaka kujua kwa nini chombo cha kuushikia moyo nafasi hakijatengenezwa. Lindbergh alisanifu pampu ya kioo isiyopitisha vijidudu, na mnamo 1935 wawili hao wakaitumia kuhifadhi tezi za shingo na viungo vingine vya wanyama vikiwa hai kwa siku kadhaa. Mnamo 1938 walichapisha kitabu kuhusu ufugaji wa viungo.

Miaka ya Giza

Mwandishi wa wasifu anayemficha mhusika wake huandika sifo, wala si wasifu. Mwaka ule ule wa 1935 Carrel alichapisha kitabu kumhusu binadamu, kilichouzwa kwa wingi mno na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake aliukejeli usawa wa binadamu, akatetea kuchujwa kwa vizazi ili wanaodhaniwa kuwa bora ndio wazaliane, na akapendekeza wahalifu wakubwa, wakiwemo wenye wazimu, wauawe kwa gesi. Katika dibaji ya tafsiri ya Kijerumani aliongeza maneno ya kuunga mkono hatua za serikali ya Wanazi dhidi ya watu wa namna hiyo. Mtu aliyekuwa ameililia seli moja isife hakuona taabu kuamua ni binadamu gani wasiostahili kuishi.

Alipostaafishwa Rockefeller alirejea Ufaransa iliyokuwa imeshindwa na Wajerumani. Mnamo Novemba 1941 serikali ya Vichy ilimuundia wakfu wa kuchunguza matatizo ya binadamu, akawa kiongozi wake. Paris ilipokombolewa Agosti 1944 alisimamishwa kazi na kutuhumiwa kushirikiana na adui. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 5 Novemba 1944 kabla ya kufikishwa mahakamani. Katika miaka ya 1990 miji kadhaa ya Ufaransa iliyafuta mitaani majina yaliyomkumbuka, na mnamo 1996 kitivo cha udaktari mjini Lyon kilichoitwa kwa jina lake kikapewa jina jingine.

Ukweli Wadhihirika

Urithi wa moyo wa kifaranga ulidumu kuliko mwenyewe. Kwa miongo mingi, watafiti waliofuga seli za kawaida waliziona zikichoka na kufa baada ya muda. Wangaliweza kusema kuwa Carrel alikosea. Badala yake walijilaumu: chakula hakikuwa sawa, vyombo havikuwa safi, mikono yao haikuwa na ustadi wa bingwa. Ushahidi uliokuwa mbele ya macho yao ulishindwa na jina la mtu. Mnamo 1951 seli za saratani zilizochukuliwa Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi ambaye hakuombwa idhini, zilionekana kugawanyika bila kikomo. Hilo nalo likazidi kuwathibitishia watu kuwa Carrel alisema kweli, ingawa seli za saratani zimeivunja sheria ambayo seli za kawaida huitii.

Ndipo Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wa Taasisi ya Wistar huko Philadelphia, walipochapisha matokeo yao mwaka 1961. Seli za kawaida za binadamu ziligawanyika mara 50 hivi, kisha zikakoma. Ili kuonyesha kuwa kasoro haikuwa katika chakula, walichanganya katika chombo kimoja seli za kiume zilizokwisha gawanyika mara nyingi na seli za kike zilizokuwa bado changa. Baada ya muda zilibaki za kike peke yake. Chakula kilikuwa kimoja na chombo kimoja, lakini kila seli ilihesabu umri wake. Hayflick alikuwa ameipeleka makala hiyo kwanza katika jarida lile lile lililochapisha dai la Carrel mnamo 1912, nayo ikakataliwa. Mhariri, Peyton Rous, aliyekuwa mtafiti katika taasisi ile ile ya Rockefeller, alishikilia kuwa miaka 50 ya ufugaji ilikwisha kuonyesha kwamba seli zenye uwezo wa kuzaliana huendelea kuzaliana zikitunzwa ipasavyo. Makala ilichapishwa kwingine. Baadaye ilibainika kuwa ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hupungua kila seli inapogawanyika. Ugunduzi wa jinsi ncha hizo zinavyoilinda kromosomu ulituzwa Nobel mwaka 2009.

Basi seli za Ebeling ziliishije miaka 34? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba majimaji ya viinitete yaliyotumiwa kuwa chakula yalikuwa na seli hai ndani yake. Kila kuku wa zamani alipokufa, kifaranga kipya kilikuwa kimekwisha ingia tunduni, na mfugaji akadhani kuku wake hafi. Kama Carrel alijua au hakujua, wanahistoria hawajaafikiana. Wahenga hudai njia ya mwongo ni fupi. Pengine ni hivyo, lakini kosa likivishwa Tuzo ya Nobel huweza kutembea miaka 49.

Kutoka Pampu hadi Chipu

Hata hivyo, swali la Carrel na Lindbergh kuhusu majimaji yanayosukumwa halikuzikwa nao. Leo limepata jibu jipya katika chipu za vifereji. Hizi ni vipande vya mpira angavu wa silikoni, vyenye ukubwa wa kidole gumba hivi, ambamo vimechongwa vifereji vyembamba kuliko milimita moja. Katika chombo cha kawaida seli hukaa katika dimbwi, na chakula chake hubadilishwa kila baada ya siku kadhaa, kama Ebeling alivyofanya. Ndani ya chipu majimaji hupita mfululizo, yakileta chakula na kuondoa uchafu, tena kwa kiasi kidogo mno. Katika ufinyu huo maji hayavurugiki: mikondo miwili huweza kwenda sambamba, ikichanganyika polepole tu mpakani.

Mnamo 2010 Dan Huh, Donald Ingber na wenzao wa Taasisi ya Wyss, Chuo Kikuu cha Harvard, walitangaza chipu ya pafu. Utando wenye vitundu ulitenganisha vifereji viwili, seli za pafu la binadamu zikafugwa upande mmoja na seli za mishipa ya damu upande wa pili. Hewa ilipita juu, majimaji yakapita chini, na utando ukavutwa na kulegezwa ili seli zihisi zinapumua. Chipu za ini, figo na utumbo nazo zimetengenezwa. Desemba 2022 sheria mpya ya Marekani iliondoa sharti kwamba dawa lazima ijaribiwe kwa wanyama kabla ya kupewa watu, ikazitaja mbinu za aina hii miongoni mwa badala zinazokubalika. Lakini chipu haikuufuta ukomo wa Hayflick. Seli za kawaida huzeeka humo pia, na mtafiti wa leo huanza kwa kulikubali hilo.

Hitimisho

Maisha ya Carrel hayakubali hukumu nyepesi. Mgonjwa aliyepandikizwa figo leo ana deni kwake, na waliotungiwa hukumu ya gesi katika kitabu chake wana daawa dhidi yake. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, funzo lililo karibu zaidi ni la wale watafiti waliozitazama seli zao zikifa, kisha wakaamini kitabu kuliko macho.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kujikuta miongoni mwao. Alipokuwa akiandaa pendekezo la tasnifu, alikuta tarehe moja ya utungo wa kale ikirudiwa katika vitabu vinne. Alipofuatilia, vyote vilielekea kwa mtaalamu mmoja mwenye heshima kubwa, ambaye hakutoa ushahidi wowote. Mwandishi aliandika shaka yake, akaifuta kwa hofu ya kuonekana mtovu wa adabu, akaiandika tena. Imebaki katika tasnifu. Heshima kwa walimu wetu ni jambo la lazima, lakini dai lao linalolishwa kila mwaka kwa nukuu mpya, bila kupimwa, ni moyo wa kifaranga. Tusipofungua tundu tukahesabu kuku, tutaendelea kusherehekea siku ya kuzaliwa ya aliyekufa zamani.